Sosi ya teriyaki bila mirin wala sake, nitumie nini kati ya nilivyonavyo kabatini?

MamaWawili_Temeke

Habari za jioni wanajikoni, wakubwa wote shikamooni. Naomba mnisaidie jambo. Watoto wameona kuku wa teriyaki, yule wa Kijapani wa sosi tamu ya soya, huko kwenye simu, sasa kila nikishika sufuria ni mama leo ndo unapika ile?? Nikapita supamaketi nikaiona sosi yenyewe, kichupa kama cha dawa ya kikohozi, nilipoangalia bei nikakirudisha kwenye shelfu taratibu nikaenda zangu kununua mchele.

Sasa nataka nitengeneze mwenyewe. Kabatini nina soya sosi ya chupa kubwa, sukari nyeupe, kipande cha sukari guru, asali, siki nyeupe, konflawa na ufuta. Vibichi ninavyo tangawizi, kitunguu saumu, limao na nanasi moja. Shida kila resipe nikifungua nakutana na mirin na sake. Sake najua ni pombe ya mchele na kwangu haiingii, mirin ndo siielewi, nayo ni pombe au ni aina ya siki? Halafu ile ya kulowekea kuku na ile ya kumwagia juu ni kitu kimoja au ni mbili tofauti, maana wengine wanaandika marinedi wengine sosi nabaki nimeduwaa tu. Nitachoma kwenye jiko la mkaa, mapaja ya kuku kama kilo moja na nusu. Na jingine baba yao ana presha, chumvi naiogopa. Nawasilisha.

Jiko_la_Mvita

Marahaba dadangu, karibu. Kwa hivyo ulivyovitaja usinunue kitu tena, vyatosha.

Mirin ni pombe, naam, ni mvinyo mtamu wa mchele na ule wa asli una alkoholi kama asilimia 14 hivi, kwa hivyo uwache huko huko dukani. Kazi yake kwenye sosi ni utamu, kung'arisha na kukata ile chumvi kidogo, na hayo yote sukari na tone la siki yafanya. Sukari guru ndiyo ningeanza nayo mimi, iponde kwa mchi, ina rangi na harufu ya muwa ambayo sukari nyeupe haina.

Mimi hupima hivi kwa kuku wako huyo: soya sosi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, sukari guru iliyopondwa nusu kikombe, asali vijiko viwili vya chakula, siki kijiko kimoja cha chakula, thomu (kitunguu saumu) punje nne zilizotwangwa na tangawizi kipande cha kidole gumba kilichokwaruzwa. Weka vyote sufuriani moto wa wastani, koroga hadi sukari iyayuke, ikianza kutokota punguza moto uiwache dakika tano. Onja. Soya sosi hazilingani, nyengine ni chumvi tupu, ukiona yakukaba ongeza maji na sukari kidogo wala usione haya.

Hapo sasa ndipo pa swali lako la marinedi na sosi. Ni kitu kimoja kilichogawanywa mara mbili. Toa nusu weka kando IPOE KABISA, hiyo ndiyo ya kulowekea kuku. Nusu iliyobaki irudi motoni, changanya konflawa kijiko kimoja cha chakula na maji BARIDI vijiko viwili, mimina huku wakoroga, itakuwa nzito na itaanza kung'ara ndani ya dakika moja. Zima moto ikiwa bado nyepesi kuliko unavyotaka kwa sababu ikipoa huzidi kushika. Hiyo ndiyo sosi ya kupaka na kumwagia.

Na ile iliyolalia kuku mbichi usije ukaipaka juu ya kuku aliyeiva, imwage.

Zamani_Nagoya

Jamani hicho chakula nitakila na sahani nitalamba, lakini roho yangu haitulii bila kusema. Nilisoma Japani, na kule teriyaki haina kitunguu saumu, haina tangawizi, haina konflawa na nanasi ndo kabisa. Ni vitu vinne tu, soya sosi, mirin, sake na sukari. Uzito na mng'aro wake unatokana na kuchemka mpaka maji yapungue, siyo unga. Na majumbani wengi hawalowekei chochote, wanakaanga kwanza halafu sosi inaingia mwishoni kabisa.

Ngoja niwape ile njia ya nyumbani maana naona watu wote wanawaza mkaa tu. Paja la kuku limetolewa mfupa lakini ngozi ipo. Frampeni bila mafuta, ngozi iangalie chini, moto wa wastani, uiache itoe mafuta yake yenyewe mpaka iwe ya kahawia na ikauke, geuza upande wa pili mpaka iive. Mafuta yote yaliyotoka yafute kwa karatasi, hii watu wanairuka halafu wanashangaa kwanini sosi haishiki nyama, mafuta yakiwepo sosi inateleza tu. Ndo umwage sosi nyepesi isiyo na unga, ongeza moto, iache ifoke mapovu makubwa huku unaiteka kwa kijiko unaimwagia juu ya nyama, dakika mbili tatu inakuwa kama vanishi.

Halafu wenzetu hii siyo ya kuku kwanza, ni ya samaki. Kuna samaki wao anaitwa buri, ukoo mmoja na kolekole wetu, wa msimu wa baridi mwenye mafuta. Kwahiyo mtu wa Dar mwenye kolekole wa Feri ana teriyaki ya karibu zaidi na Japani kuliko huyu kuku mnayemhangaikia.

Mtanga_Seattle

Mzee wa Nagoya umeongea ukweli ila usituharibie mji 😂 Mimi niko Seattle, Marekani, na huku teriyaki ndo chakula cha mwenye njaa na haraka, ipo kila mtaa kama chipsi mayai huko nyumbani, na sosi yao ina tangawizi, ina kitunguu saumu na ni nzito. Aliyeanzisha ni Mjapani kabisa, Toshihiro Kasahara, alifungua kamgahawa kake mwaka 1976 na sosi yake aliitia utamu kwa sukari badala ya mirin. Baadae maduka mengi ya namna hiyo yakachukuliwa na Wakorea nao wakaongeza ya kwao. Kwahiyo mama wa Temeke akitumia sukari hajavunja sheria yoyote, Mjapani mwenyewe alishafanya hivyo kabla hatujazaliwa wengine wetu.

Na nanasi nalo lina kwao, Hawaii. Wajapani walipelekwa kule kwa wingi kuanzia 1885 kulima miwa, wakakuta sukari ya kumwaga, baadae na mananasi, wakapika na walichokikuta. Ndo mana ukiona resipe ina juisi ya nanasi na tangawizi ujue imepitia huko.

Kitu kimoja ambacho naona huku na sijaona mmetaja, pembeni wanaweka kabichi iliyokatwa nyembamba sana na wali mweupe mkavu usio na nazi wala chumvi. Mama usipike wali wa nazi siku hiyo, sosi ni tamu na nazi ni tamu vitagombana.

MamaWawili_Temeke

Asanteni sana jamani mpaka nimepata historia ya bure. Jiko la Mvita nimekuelewa vizuri, nusu kwa nusu. Sasa kuku alale kwenye hiyo marinedi muda gani, usiku kucha? Na nanasi nilitie au nisilitie maana kila mtu ana lake hapo.

BiSalha_Muscat

Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini, kinavunja nyama, sawasawa na papai bichi tunalotia kwenye mishikaki kule kwetu Unguja. Nyama ya ng'ombe ngumu inafaa, nusu saa hadi saa moja. Kuku wa kisasa tayari ni laini, ukimlaza usiku kucha na nanasi bichi asubuhi unakuta uso wa nyama umekuwa uji uji haushikiki na koleo. Samaki usijaribu kabisa. Ukilitaka ladha yake tu, ichemshe juisi pamoja na sosi, moto unakiua hicho kimeng'enya, au tumia la kopo ambalo lilishapikwa kiwandani. Bila nanasi mapaja yalale saa moja hadi mbili kwenye friji yanatosha mwanangu, yakizidi sana soya sosi inayakausha na chumvi inaingia ndani, na wewe una mgonjwa wa presha.

Na neno moja kuhusu mirin kwa sababu nasoma kwengine watu wanaambiana pombe ikipikwa inaruka yote. Hairuki yote. Wizara ya kilimo ya Marekani ina jedwali lake, chakula kilichotiwa pombe kikatokota dakika 15 kinabakiwa na kama asilimia 40, na hata baada ya masaa mawili na nusu inabaki asilimia 5. Na sosi hii hupikwa dakika chache tu. Kwa hiyo anayeikwepa aikwepe kwa uhakika. Huku kwenye maduka ya Muscat zipo soya sosi zenye muhuri wa halali, tafuta hiyo maana hata soya sosi ya kuchachusha huwa na alkoholi kidogo inayojitokea yenyewe.

Omosh_Embakasi

Niaje watu wangu. Naona mnaongea kuhusu sukari na nanasi na hamjamwambia mama aangalie hiyo chupa yake kubwa ya soya kwanza. Soya sosi poa kwa leboli utaona maji, soya, ngano, chumvi, hiyo imechachushwa miezi kadhaa. Zile za bei ya chini zingine hazijachachushwa, ni protini ya soya imevunjwa na asidi kisha wakatia chumvi, rangi ya karameli na saa zingine sharubati ya mahindi. Si sumu, hata mimi natumia kwa chips, lakini ukiichemsha mpaka ipungue venye mzee wa Nagoya anasema inakuwa chungu na chumvi kali mpaka ulimi unakufa ganzi. Kama ndiyo hiyo uko nayo usiipunguze na moto, weka maji mengi kiasi na konflawa ifanye kazi ya kushika.

Pia kuna ile nzito nyeusi tii na kuna ile nyepesi, hizi za Kichina. Nyepesi ndiyo huwa na chumvi zaidi ingawa inaonekana maji maji, nyeusi imeongezwa karameli ama molasi kwa hiyo ni ya rangi. Kama ni hiyo nyeusi mtu asiweke kikombe kizima, rangi itakuwa lami.

NesiWaZamu

Omosh umenigusia pangu. Mama Wawili tuongee presha kidogo maana hapa watu wanatupia vijiko tu. Kijiko kimoja cha chakula cha soya sosi ya kawaida kina sodiamu kama miligramu 900. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikie miligramu 2000 kwa siku nzima, yaani chumvi isiyozidi gramu 5, kijiko cha chai. Vijiko viwili vya soya sosi vimeshakula karibu siku yote na bado hajala mkate wa asubuhi.

Sisemi asile. Nasema hivi, vipande vyake viwili usivilowekee kwenye soya, vipake tangawizi, kitunguu saumu, limao na pilipili manga, vichomwe hivyo hivyo, halafu sosi apate kijiko kimoja juu, utamu wa teriyaki uko juu ya nyama siyo ndani kwahiyo hatajisikia ametengwa. Wali bila chumvi, kabichi bila chumvi, na hakuna kutupia kyubu ya supu popote.

Na kwenye ule ubishi wa konflawa na kuchemsha, mimi kwa mgonjwa wa presha niko upande wa konflawa kabisa. Ukichemsha mpaka maji yaishe sodiamu haiendi popote, inabaki yote kwenye sosi kidogo, kila kijiko kinakuwa kikali zaidi. Ukiongeza maji na ukashika kwa konflawa unapata sosi nzito ile ile yenye chumvi ndogo kwa kijiko. Limao mwishoni, baada ya kuzima moto, ule uchachu unaudanganya ulimi hautafuti chumvi.

Kama naye ana sukari mseme, maana hapo tena habari ni nyingine.

Zamani_Nagoya

Nesi hapo sina la kusema. Konflawa imeshinda kwa sababu za kitabibu, siyo za upishi, naomba iandikwe hivyo.

Kijana_wa_Geto

Samahani wakuu swali la kizembe, konflawa sina ila nina unga wa sembe si vyote ni mahindi?

Jiko_la_Mvita

Sivyo mwanangu, utapata uji wa soya 😅 Unga wa sembe ni mahindi yaliyosagwa, konflawa ni wanga peke yake uliotolewa ndani ya mahindi, ndiyo maana yang'ara na unga wa ugali unakuwa na chenga chenga na kiwingu. Kama huna, wanga wa muhogo hufanya vizuri, au wacha kabisa chemsha kama alivyosema wa Nagoya ila uangalie chumvi.

MchomaMishikaki_Buguruni

Naona wapishi wote wameongea isipokuwa mtu wa mkaa, na mama kasema anachoma kwenye mkaa. Mimi nachomea riziki dada angu kwahiyo sikiliza.

Sosi yenye sukari na mkaa ni maadui. Sukari ikidondokea kaa unapata moshi mchungu, ikiungua juu ya kuku unapata kuku mweusi nje na mfupani bado damu, na mteja anakurudishia. Kwahiyo kuku akitoka kwenye marinedi mkaushe, mpanguse kwa taulo ya karatasi au mwache kwenye chujio adondoke maji yote, usimpeleke jikoni anachuruzika. Mkaa usiwe na miali, subiri uvae jivu jeupe, halafu uusogeze upande mmoja wa jiko ubaki mwingi kule na kidogo huku. Mapaja anza nayo upande wenye moto mdogo, yafunike hata na sufuria kuukuu yaive ndani polepole, geuza geuza, kama dakika 25 mpaka 35 inategemea ukubwa, ukichoma kwa kisu karibu na mfupa maji yatoke meupe siyo ya pinki. Mwenye kipimajoto nyuzi 74 karibu na mfupa, wa mtaani tunatumia macho na uzoefu.

Akishaiva NDO SOSI. Si kabla. Paka nyembamba kwa brashi, geuza, ikauke nusu dakika, paka tena, geuza, mara tatu inatosha, na hapo unaweza kumsogeza kwenye moto mkubwa kidogo apate vile vidoa vya kahawia, usiondoke usijibu simu. Watu wanaopaka mara moja nene wanapata sosi inayodondoka. Mara tatu nyembamba ndo inakamata.

Brashi ya kuku mbichi na brashi ya sosi ziwe mbili. Kama unayo moja tumia kijiko kwa sosi. Ufuta ukaange mkavu kwenye frampeni mpaka unukie, nyunyiza akiwa sahani tayari, ukiutupia jikoni unaungua wote.

MamaWawili_Temeke

Buguruni ubarikiwe, hilo la kukausha kuku nisingelijua. Nesi hana sukari ni presha tu, nitamfanyia vipande vyake pembeni kama ulivyosema na sitamwambia, nyie mnawajua wanaume. Sasa la mwisho naahidi, sosi ikibaki inakaa muda gani? Nawaza nitengeneze nyingi niwe nawafungia watoto na wali wa shule.

BiSalha_Muscat

Iweke kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa ikakauka, friji, isiwe kwenye kabati kwa sababu ina thomu na umeizimua kwa maji, siyo kama soya sosi tupu inayokaa yenyewe. Wiki moja ule kwa amani. Ile yenye juisi ya nanasi mie naimaliza ndani ya siku tatu nne.

Ukitaka kutengeneza nyingi usitie konflawa yote, ikikaa kwenye friji inaachana, maji juu uzito chini, na ukiipasha mara kwa mara inalegea. Hifadhi ile nyepesi, kila ukitaka kutumia toa unayoihitaji, ishike kwa konflawa siku hiyo hiyo. Na ile nyepesi unaweza kugandisha kwenye trei ya barafu, vipande viwili vitatu vinatosha sufuria ya biringanya au uyoga siku huna nyama. Ya kufungia watoto, kuku na wali viive asubuhi au vipashwe mpaka vitoe mvuke, ndio ufunge, usifunge vuguvugu la jana.

Omosh_Embakasi

Mzee wa Nagoya kabla uende, hiyo ya kolekole unapika aje? Niko na tilapia tu lakini wikendi naenda Mombasa.

Zamani_Nagoya

Kolekole au nguru au jodari, mkate vipande vya unene wa vidole viwili. Nyunyiza chumvi kidogo sana, mwache dakika kumi, atatoa maji, yapanguse, harufu ya samaki inatoka na hayo maji. Mpake unga wa ngano au konflawa uso mzima, ule wa ziada upukute, ndio kitakachoshika sosi (ndio najua nimesema sitaki unga, huu ni wa juu ya samaki siyo ndani ya sosi, msianze). Mafuta kijiko kimoja, kaanga dakika tatu upande mmoja, mbili mwingine, futa mafuta, mwaga sosi nyepesi isiyo na kitunguu saumu, tangawizi nakuruhusu kwa sababu ya samaki. Ikifoka tikisa frampeni usimguse kwa mwiko atavunjika. Jodari usimwivishe sana anakuwa mkavu. Tilapia naye anakubali ila mkaange minofu tu, na dakika zipungue.

Jiko_la_Mvita

Omosh ukija Mombasa enda sokoni asubuhi mapema, na umwambie muuzaji akukatie vipande kabisa, kichwa nacho usikiache, hicho tutakitia kwenye mchuzi wa nazi.